KUGEUKA KWA MAJI YA ZIWA VICTORIA NA DAFTARI LA MAPOKEZI YA SAMAKI



Katika ukaguzi wa vyama vya wavuvi vya Ziwa Victoria liko swali ambalo hurudi kila mwaka. Kwa nini kilo za sangara zilizopimwa mwaloni hupungua baina ya Juni na Agosti, ilhali mitumbwi haikupungua, nyavu ni zile zile, na mafuta yaliyotolewa kwa mkopo ni kiasi kile kile? Mkaguzi asiyelijua ziwa hulijibu swali hili kwa wepesi: samaki wanauzwa pembeni. Mimi nililijibu hivyo miaka michache iliyopita, kwa maandishi na kwa sahihi yangu, na nayaandika makala haya kwa sababu jibu lile lilikuwa la makosa.

Chama chenyewe sitakitaja. Ni chama cha wastani, chenye mizani moja na Katibu mmoja mwaminifu. Hupokea sangara wa wanachama, huwauza kwa mawakala wa viwanda, kisha huwalipa wanachama baada ya kukata marejesho ya mikopo ya nyavu na injini. Nilipolinganisha daftari la mapokezi la Machi na lile la Julai, niliona kwamba wanachama watatu, ambao mwezi Machi waliwapita wenzao wote kwa kilo, walikuwa wameshuka hadi chini ya nusu. Mafuta walikuwa wamechukua kama kawaida. Niliandika hoja ya ukaguzi kwamba ipo dalili ya samaki kuuzwa ziwani kabla ya kufika mwaloni, nikapendekeza Bodi izuie malipo ya watu hao mpaka watoe maelezo ya kuridhisha. Bodi ikafanya hivyo. Maelezo yao, ambayo Katibu aliyaandika kwa mstari mmoja tu, yalikuwa haya: "Maji yamegeuka." Niliyasoma nikayahesabu kuwa kisingizio.

Maji ya ziwa hugeuka kweli. Sikusomea elimu ya maziwa. Nilisoma hadi sekondari na kazi yangu ni hesabu. Haya ninayoyaeleza nimeyapata kwa kuwauliza maafisa uvuvi, kwa kusoma, na kwa kupelekwa ziwani na mmoja wa wale watatu.

Tuanze na ndoo ya kuogea. Ukitia maji baridi kwanza, kisha ukamimina juu yake maji ya moto taratibu bila kukoroga, mkono utakuta moto juu na ubaridi chini. Maji ya moto ni mepesi kuliko maji baridi, hivyo hukaa juu yake, na aina hizo mbili hazichanganyiki mpaka mtu atie mkono akoroge. Ziwa nalo liko hivyo hivyo, isipokuwa kwamba linalopasha joto ni jua na linalokoroga ni upepo.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Kwa ukubwa huo mtu angedhani lina kina kirefu sana, lakini sivyo. Kina chake cha wastani ni mita 40 hivi, na pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Kuanzia Septemba, upepo wa kusi unapopungua, jua hulipasha ziwa kwa juu, na tabaka la juu huwa jepesi na kuanza kujitenga na la chini. Kati ya Januari na Aprili mpaka baina ya matabaka hayo huwa imara. Tofauti ya joto yenyewe ni ndogo, pengine nyuzi moja au mbili za Selsiasi tu, na mtu anaweza kuuliza vipi tofauti ndogo hivyo iwe na nguvu. Sababu ni kwamba maji yenye joto hubadilika uzito upesi zaidi kuliko maji baridi. Maji yanapopanda kutoka nyuzi 24 hadi 25 hupungua uzito zaidi ya mara ishirini kuliko yanapopanda kutoka nyuzi 4 hadi 5. Kwa hiyo katika maziwa yetu uzi mmoja wa joto hutosha kuweka ukuta.

Sasa samaki. Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini. Oksijeni hiyo huingia kwa njia mbili: kutoka hewani pale maji yanapogusana na upepo, na kutoka kwa mwani unaopata mwanga wa jua. Njia zote mbili ziko juu. Chini ya ule mpaka hakuna hewa wala mwanga, lakini iko mizoga ya mwani na uchafu mwingine unaodondoka mchana na usiku, na kuoza kwake hula oksijeni iliyobaki. Miezi ikipita bila kukorogwa, maji ya chini huishiwa. Pengine hutoa harufu ya yai viza, nayo ni gesi inayotokana na kuoza pasipo hewa. Ikumbukwe pia kwamba maji ya joto hayashiki oksijeni nyingi tangu mwanzo. Maji ya nyuzi 10 yaweza kubeba takriban miligramu 11 kwa lita katika usawa wa bahari. Ya nyuzi 25 hubeba kama 8, na huku kwetu, ziwa likiwa juu ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, ni pungufu ya hapo. Akiba yetu ni ndogo na huliwa upesi.

Ifikapo Mei au Juni huanza upepo wa kusini-mashariki, mkavu na wa kudumu. Wengi wetu hudhani kwamba ziwa hupoa kwa sababu jua limepungua, lakini tuko karibu na ikweta na jua halipungui kiasi hicho. Ziwa hupoa kama mtungi unavyopoa. Mtungi ukiwekwa penye upepo hutoa jasho, na maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto. Upepo mkavu ukilipuliza ziwa miezi mitatu, maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama, na ule mpaka huvunjika. Kati ya Juni na Agosti maji ya Ziwa Victoria huchanganyika toka juu hadi chini. Hewa hufika sakafuni, na chakula kilichokuwa kimelala chini hupanda juu. Hiyo ndiyo maana ya wavuvi kusema maji yamegeuka.

Katika nchi za baridi jambo hili hutokea majira ya vuli. (Neno hili lisituchanganye. Vuli ya kwetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Katika vitabu vya nchi hizo ni majira yanayotangulia baridi kali, wakati majani ya miti yanapopukutika.) Kwa mfano Ziwa Erie, lililo baina ya Marekani na Kanada, kila kiangazi huishiwa oksijeni chini, katika sehemu yake ya kati, na samaki huhama huko. Baridi ya vuli ikianza, maji ya juu hupoa na kuzama, na ziwa hugeuka. Wavuvi wa huko wanajua kwamba samaki waliokuwa wamesongamana katika kina fulani sasa hutawanyika kila mahali, na kwa siku kadhaa mvuvi hodari hurudi mikono mitupu. Sisi geuko letu liko kwenye kusi badala ya vuli, lakini kinachompata mvuvi ni kile kile.

Yule mzee aliyenipeleka ziwani alikuwa miongoni mwa watu watatu niliowatuhumu. Nilipokwenda kwa ukaguzi uliofuata, mwezi Machi, aliniambia: "Mkaguzi, twende nikuonyeshe, kisha uandike utakachoandika." Tulikwenda mahali penye kina cha pima 30 hivi. Nyavu zake za makila alikuwa ametega nyingine kwa maboya karibu na juu, na nyingine ameziacha zishuke hadi karibu na chini, makusudi, ili nione. Za juu zilitoka na sangara. Za chini zilitoka tupu, zina utelezi mweusi, na sangara mmoja aliyekuwamo alikuwa amekwisha kulainika. Kisha akachukua chupa yenye kizibo kilichofungwa kamba, akaishusha kwa jiwe, akavuta kizibo huko chini, akaipandisha na kunipa ninuse. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Mwezi Julai nilirudi kwa nauli yangu. Upepo ulituzuia siku mbili. Siku ya tatu tulikwenda mahali pale pale. Chupa ilipanda na maji yasiyo na harufu. Nyavu za juu, zile zilizokuwa zimejaa mwezi Machi, zilikuwa na samaki wachache, na za chini nazo zilikuwa na wachache. Sangara hawakuwa wametoka ziwani wala kupelekwa kwa mnunuzi wa magendo. Walikuwa wamepata nafasi ya kukaa popote toka juu hadi sakafuni, na nyavu zile zile zilizokuwa zikiwangojea katika ukanda mwembamba sasa ziliwangojea katika nyumba nzima.

Liko jambo la pili ambalo daftari letu halioneshi. Daftari la mapokezi huandika samaki. Haliandiki usiku ambao mvuvi hakuweza kutoka kwa sababu ya mawimbi. Mwanachama aliyetoka usiku 24 mwezi Machi na usiku 13 mwezi Julai huonekana katika vitabu vyangu kama mtu mmoja aliyelegea. Kwa wavuvi wa dagaa hali ni mbaya zaidi, kwani uvuvi wa taa hauvumilii mawimbi, na wao tayari hupoteza siku za mbalamwezi kila mwezi.

Nisieleweke vibaya kwamba kila chama kitapungukiwa Julai. Chama kilicho ndani ya ghuba yenye kina kifupi huenda kisione tofauti kubwa, kwa kuwa maji ya kina kifupi hukorogwa mara kwa mara hata miezi ya joto. Na wako wavuvi wa maji makuu ambao kugeuka kwa maji kwao ni neema, kwa sababu kina kilichokuwa hakikaliki kimefunguliwa na nyavu za chini zinaanza kuleta. Mwalo na mwalo hutofautiana, na kwa sababu hiyo Katibu wa pale pale ndiye anayepaswa kuijua kalenda ya maji yake. Mkaguzi hupita mara moja kwa mwaka.

Yafaa pia kujua kwamba hali hii imezidi kuliko zamani. Bwana J. F. Talling, aliyefanya kazi Jinja mnamo 1960 na 1961, alilipima ziwa kwa mwaka mzima na kueleza mzunguko huu wa matabaka na kuchanganyika. Wakati wake upungufu wa oksijeni chini ulikuwa wa muda mfupi na mdogo. Kufikia mwaka 1990 hivi, Bwana R. E. Hecky na wenzake walikuta kwamba eneo kubwa la sakafu ya ziwa, hata kukaribia nusu yake, laweza kuwa na upungufu huo kwa miezi kadhaa kati ya Oktoba na Machi. Sababu kubwa ni mbolea, udongo wa mashamba na maji machafu ya miji kuingia ziwani, ambavyo huotesha mwani mwingi, na mwani huo ukifa huoza chini. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, ni samaki anayehitaji oksijeni nyingi. Basi samaki tunayemtegemea kwa fedha ndiye asiyevumilia hali hii.

SAMAKI WALIOKUFA WAKAELEA

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa maana ndipo penye hatari kubwa kuliko hoja yangu ile ya ukaguzi.

Hutokea siku moja asubuhi sangara wakubwa wakaonekana wanaelea, makumi au mamia, na neno la kwanza mwaloni likawa "sumu". Neno hilo likishatoka, hutafutwa mtu. Mara nyingi hupatikana: mgeni, au mwanachama mwenye deni, au yule ambaye jana alionekana peke yake ziwani. Sina nia ya kumtetea mvuvi wa sumu. Uvuvi huo ni kosa la jinai, huua watu, na tunaikumbuka hasara ya mwaka 1999, Jumuiya ya Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu, viwanda vikasimama na bei mwaloni ikaanguka. Lakini mambo hayo hayo ndiyo yanayotutaka tuwe waangalifu. Chama kikiandika barua kwamba ziwa lake lina sumu, bila ushahidi, kinajifungia soko chenyewe, na huenda kinamfunga mtu asiye na hatia.

Maji yenyewe yaweza kuua. Wakati matabaka yamejipanga, dhoruba kali yaweza kulivunja lile ukuta ghafla mahali pamoja na kuyapandisha maji ya chini yasiyo na oksijeni. Samaki waliokuwa juu hujikuta wamezingirwa. Vifo vya sangara wengi katika Ghuba ya Nyanza, Kenya, viliandikwa na mtafiti P. B. O. Ochumba katika miaka ya 1980. Mwishoni mwa 2020 na Januari 2021 sangara wengi walikufa upande wa Uganda, na wizara inayohusika ya huko ilieleza kwamba sababu ilikuwa upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuyavuruga maji. Tazameni miezi hiyo: si Julai. Kuchanganyika kwa pole kwa pole wakati wa kusi hupunguza mapokezi kwa kuwatawanya samaki. Kuchanganyika kwa ghafla wakati wa joto na dhoruba huwaua. Hayo ni mambo mawili yenye chanzo kimoja, na Katibu asiyachanganye katika taarifa yake.

Ziko dalili za kuangalia. Upungufu wa oksijeni huja mara nyingi usiku au alfajiri, baada ya dhoruba au siku za utulivu na mwani mwingi, na kabla ya kufa samaki huonekana wakitweta juu ya maji. Maji huwa yamebadilika rangi au kunuka. Sangara hutangulia kufa, ilhali kambare na kamongo, ambao wanaweza kuvuta hewa ya juu, huonekana wazima. Mahali ambapo kila kiumbe kimekufa, kamongo kwa furu, katika eneo dogo la ufukweni, maji yakiwa ya kawaida na upepo haukuvuma, shaka ya sumu ina uzito zaidi. Hata hivyo dalili hizi si hukumu. Zinamsaidia Katibu kuandika kwa busara tu. Sababu yenyewe hupatikana kwa vipimo.

Kwa hiyo Katibu akiletewa habari hizo aandike saa, mahali, aina za samaki waliokufa na walio hai, rangi na harufu ya maji, na hali ya upepo ya siku mbili zilizopita. Ampigie Afisa Uvuvi siku hiyo hiyo, aviarifu vikundi vya usimamizi wa mialo, na kuomba sampuli zichukuliwe kabla jua halijaziharibu. Jina la mtu lisiandikwe katika barua hiyo ya kwanza. Na samaki waliookotwa wakielea wasipimwe katika mizani ya chama hata mmoja, iwe ni sumu au ni hewa. Wapo wanachama watakaonung'unika wakiona kilo zinapotea bure, wanung'unike.

MIKOPO YA VIZIMBA NA MAREJESHO

Siku hizi vyama vingi vina wanachama wanaofuga sato katika vizimba. Kuhusu hao nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ushauri wa kitaalamu wataupata kwa Afisa Uvuvi. Sangara aliye huru akikosa hewa huhama. Sato aliye kizimbani hana pa kwenda. Mwezi Novemba 2022 wafugaji wa vizimba karibu na Kisumu walipoteza samaki wengi sana kwa siku chache, na watafiti wa huko walitaja kupanda kwa maji ya chini yasiyo na oksijeni. Mwanachama mwenye kizimba katika ghuba iliyotulia, chenye samaki waliosongamana na wanaokaribia kuvunwa, ana mali yote ya mkopo wake mahali ambapo usiku mmoja unaweza kuifuta. Kamati ya mikopo iulize kizimba kimewekwa wapi, kina cha maji ni kipi chini yake, na kama mkondo unapita. Iulize hayo kabla ya kuuliza dhamana. Maji yakibadilika rangi na samaki wakaanza kutweta, chakula kisimamishwe mara moja, kwa sababu samaki anayesaga chakula huhitaji oksijeni zaidi na chakula kilichobaki huongeza kuoza.

Ama kuhusu marejesho ya mikopo ya nyavu na injini, nimekagua mikataba mingi yenye mafungu sawa kwa miezi kumi na miwili, kana kwamba mvuvi ni karani wa mshahara. Mkataba wa namna hiyo humfanya mwanachama mwaminifu kuwa mdaiwa sugu kila Julai. Malimbikizo huonekana vitabuni, faini huongezwa, naye ili alipe hukopa kwa mnunuzi binafsi, na mnunuzi humtaka amletee samaki. Hapo ndipo uuzaji wa pembeni huanza kweli kweli. Chama kiangalie mapokezi yake ya kila mwezi kwa miaka mitatu au zaidi iliyopita, kipange mafungu makubwa katika miezi mizuri na madogo katika miezi ya kusi, jumla ya mwaka ikibaki ile ile. Hakuna anayesamehewa hata shilingi.

Ndugu zetu wa Ziwa Tanganyika wanaosoma kijarida hiki wasiichukue kalenda ya Victoria wakaitumia kwao. Ziwa lao lina kina cha mita 1,470 na halichanganyiki hadi chini kamwe. Chini ya mita 100 hadi 200 hivi, kutegemea mahali, hakuna oksijeni kabisa mwaka mzima. Kwao, upepo wa Mei hadi Septemba huyasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na kule kusini maji ya chini hupanda na kuleta chakula cha mwani, ambacho hulisha vidudu vidogo, navyo hulisha dagaa, na dagaa humlisha mgebuka. Upepo ukikoma, ziwa huyumba kama maji katika beseni lililobebwa kichwani, likipandisha na kushusha mpaka wake kwa majuma. Mwaka 2003 watafiti walioongozwa na Catherine O'Reilly walionyesha kwamba kuongezeka kwa joto kumeyaimarisha matabaka ya ziwa lile na kupunguza chakula kinachopanda. Tena mwaka 2024 Serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Chama cha huko kikipanga marejesho bila kuhesabu miezi ya namna hiyo kitajitia matatani bila sababu.

Ninachowaomba Makatibu wa Ziwa Victoria ni kazi ya dakika chache kwa siku. Katika daftari la mapokezi, upande wa kulia ambapo wengi huacha nafasi tupu ya maoni, pigeni mistari mtengeneze safu tatu. Ya kwanza iandikwe kina cha nyavu kwa pima, kama mvuvi mwenyewe anavyokisema. Ya pili iandikwe hali ya upepo na maji: shwari, mawimbi, maji meusi, maji ya kijani, harufu. Ya tatu iwe alama kwa kila mtumbwi ambao haukutoka usiku huo, na sababu yake. Mwanachama asiyeleta samaki naye aandikwe. Anzeni mwezi Mei ili mabadiliko yote ya msimu yaonekane. Nikija kukagua nitaziomba safu hizo kabla ya kufungua leja, na pale ambapo zimejazwa vema sitaandika hoja ya upungufu wa mapokezi bila kwanza kuzisoma pamoja na Katibu na mvuvi mwenyewe.

Kuhusu wale watu watatu: niliandika barua ya kuifuta hoja yangu, nayo ilisomwa mbele ya mkutano mkuu, nami nikiwapo. Wawili walilipwa fedha zao zilizozuiwa, na mzee yule bado ni mjumbe wa Bodi. Wa tatu alikuwa amekwisha kuuza injini yake ili apate ada za watoto wakati malipo yake yamezuiwa. Chama kilimlipa alichokuwa akidai, lakini hakikutosha kununua nyingine, naye sasa ni kibarua katika mtumbwi wa mtu mwingine. Katika daftari la wanachama jina lake lipo bado, na safu yake ya mapokezi ni tupu tangu Agosti ya mwaka ule.